Zeze la Mjomba na Boksi la Zabibu

Tangu nirudi kutoka Bukoba, hakuna faili linalofika mezani kwangu pale masjala bila swali nyuma yake. "Yohana, ni kweli ndege ilivunja zeze?" Nimejibu kwa kifupi mara nyingi, na kila jibu fupi limezaa uvumi mrefu. Wengine sasa wanasema nililala mahabusu. Sikulala mahabusu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki saa mbili na nusu, basi. Ili tuheshimiane nimeamua kuandika yote, kituo kwa kituo, na habari ya kukata tiketi nimeiruka kwa sababu haina utamu wowote. Kuna jambo moja humu ambalo nyinyi hamjalisikia kutoka kwangu. Mtalikuta mahali pake.

Kibakwe hadi Dodoma

Mjomba Masima, kaka yake mama, ana mabinti watano. Wanne wa kwanza walipoolewa, kila mmoja alitoka nyumbani baba yake akiwa amesimama kando ya mlango anapiga zeze. Binti anapita, zeze linamsindikiza mpaka kwenye gari, na gari likiondoka ndipo linanyamaza. Wagogo wengine wana desturi zao, hii ni ya nyumba ya mjomba. Wa tano, Neema, ni muuguzi Bukoba na mchumba kampata huko huko. Likizo yake ilikuwa fupi, kwa hiyo tulikubaliana sendofu, sherehe ya kumuaga, ifanyike kule Ijumaa, harusi Jumamosi. Tatizo ni kwamba mjomba alivunjika nyonga mwaka jana akitoka shamba la karanga. Hawezi kukaa kwenye basi hata mpaka Mpwapwa, sembuse Bukoba.

Nilimkuta kitandani, mto mgongoni, zeze limelala pembeni yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Shangazi yako anapika. Kaa hapa nikwambie kwanza." Akaliweka zeze kwenye mapaja yangu. "Nimepiga kwa wanne. Huyu wa tano asipotoka kwa zeze, atakuwa ametoroka. Watu wa huko hawatajua, lakini yeye atajua, na mimi nitajua."

Katika wapwa zake wote mimi ndiye ninayeufahamu wimbo ule wa kutoa binti mpaka mwisho, kwa sababu likizo zangu zote za shule ya msingi nilizimalizia Kibakwe. Wengine waliishia kujifunza kuanza. Kwa wasiolijua, zeze lake lina tumbo la kibuyu kikubwa kuliko kichwa cha mtu, kilichowambwa ngozi nyembamba, shingo ndefu ya mti, nyuzi nne alizozitengeneza kwa waya wa breki ya baiskeli, na upinde mdogo wa kulipigia. Kibuyu alikipanda mwenyewe kabla binti wa kwanza hajazaliwa. Aliniagiza mambo mawili: maji yasiliguse, na lisitoke mikononi mwangu. Nilimjibu, "Mjomba, mimi natunza mafaili ya serikali," kwa sauti ya mtu anayejiamini kupita kiasi.

Shangazi, yaani mke wa mjomba, alilifunga ndani ya blanketi dogo. Asubuhi konda wa basi alitaka lipande juu kwenye keria nikakataa. Tukabishana mpaka mama mmoja wa kiti cha mbele akasema, "Nyie wanaume, mnataka kumweka mtoto juu ya basi? Lete nimpakate." Nikampa kwa sababu njia ile ya milimani inarusha watu, na yeye alikuwa na mapaja ya kutosha. Tulipokaribia Mpwapwa akanigeukia na uso wa wasiwasi.

"Baba, mbona mtoto halii?"

"Atalia Ijumaa, mama."

Alifunua blanketi, akatazama, akalifunika tena taratibu. Hakunisemesha mpaka Dodoma, lakini hakuliachia.

Dodoma hadi Dar es Salaam

Nyumbani Ipagala nilikuta Neema ameshapiga simu kwa mke wangu. Alitaka zabibu. "Kaka, nimeshawaambia wakwe kwetu zabibu tunatafuna kama watu wengine wanavyotafuna karanga. Usinitie aibu." Sisi watu wa Dodoma mnatujua. Ukienda mkoa wowote bila zabibu unaulizwa kama kweli umetoka Dodoma. Nilinunua zile nyeusi, zilizoiva kabisa, nikajaza boksi lililokuwa la runinga. Mke wangu alisimama akanitazama nikilifunga kamba.

"Baba Joyce, una mikono mingapi?"

"Miwili."

"Zeze linataka yote miwili."

Nilimwambia aniachie safari yangu. Mwanamke huyu amekuwa sahihi katika mambo mengi, ila hapendi kurudia, na mimi siku zote hungoja arudie.

Kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege boksi lilipita vizuri na kwenda chini pamoja na begi langu. Zeze ndilo lililosimamisha foleni. Askari kijana alilitazama kwenye skrini, akaona waya nne na kitu cha mviringo, akaniomba nisogee pembeni. Nilimweleza ni ala ya muziki. Akasema kila mtu husema hivyo. Nikamuuliza ni watu wangapi wamepita hapo na zeze, akaona namdharau. Mwishowe mkubwa wake, mtu mzima mwenye mvi, akasema, "Apige tusikie."

Nikapiga pale pale, nimesimama bila viatu, mkanda wa suruali uko kwenye trei. Nyuma yangu kulikuwa na watumishi wa Bunge wenye haraka zao, wananuna. Nilipofika katikati ya wimbo yule mkubwa akaanza kuitikia chini chini kwa Kigogo, huku macho yake yako kwenye mizigo ya watu kama vile si yeye anayeimba. Kisha akaniambia, "Pita. Na mkanda wako usisahau."

Ndani ya ndege nililipakata. Mhudumu aliuliza kama linahitaji mkanda wake. Nilifurahi sana safari ile, ningetamani iishie hapo.

Dar es Salaam hadi Bukoba

Dar tulikaa saa tano. Kwanza tuliambiwa ndege inakuja, halafu imekuja ila ina hitilafu ndogo, halafu hitilafu imeisha lakini Bukoba kuna mawingu. Nilikula chapati mbili na maharage, nikaongeza moja kwa hasira. Joto la pale lenye unyevu lilianza kulegeza ngozi ya zeze. Niligonga kwa kidole nikasikia sauti imeshuka, nikalifunika vizuri, nikadhani hilo latosha kulikinga.

Boksi nilikuwa nimelitoa na kulibeba mwenyewe, kwa sababu tulibadilisha ndege na sikuwaamini wapakiaji. Hapo ndipo ilipoanza shida. Ndege ya Bukoba ilikuwa ndogo, na dada wa mlangoni, mpole kabisa, aliniambia ukiacha begi naruhusiwa kitu kimoja tu, kiwe mkononi au chini.

"Hicho chombo ingia nacho, baba, nitakutafutia nafasi nyuma ya kiti. Hilo boksi ndiyo haliwezi. Kwenye buti pamejaa mizigo ya watu, limebaki pengo dogo, na lenyewe linaonekana limelowa chini. Liache hapa."

"Niache zabibu?"

"Au uache chombo. Chagua, baba, watu wanapanda."

Hili ndilo lile jambo. Niliwaambieni kwamba ndege ilivunja zeze, na nilimwambia hivyo kila aliyeniuliza. Ukweli ni kwamba nilipewa nafasi ya kuingia nalo mkononi, mbele ya watu, kwa lugha nzuri, nikakataa. Nilijiona nimesimama mbele ya wakwe mikono mitupu, baada ya binti yetu kutamba. Nikafanya hesabu ya kijinga. Nilimpa mfanya usafi aliyekuwa karibu nusu ya zabibu, nikatandika sweta langu juu ya zabibu zilizobaki, nikalilaza zeze hapo, nikafunga kamba. Shingo ilichomoza nje kidogo. Nikamwambia yule dada, "Sasa ni kimoja. Kiende chini."

Alinitazama. "Una uhakika?"

Nikasema ninao.

Tulipotua Mwanza kushusha abiria niliona kupitia dirishani watu wawili wakitoa mizigo yote ili kufikia ya nyuma. Boksi langu lilitoka, likawekwa chini. Lilipopandishwa tena liliingia kichwa chini, juu yake likafuata sanduku la chuma. Niligonga kioo. Mzee niliyekaa naye akaniuliza kama naogopa ndege. Nikamwambia siogopi ndege.

Bukoba mvua ilikuwa inanyesha. Mizigo ililetwa kwenye mkokoteni, na kutoka kwenye boksi langu kulikuwa kunachuruzika maji mekundu mazito, yameacha mstari mrefu sakafuni. Abiria walirudi nyuma. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Askari akauliza boksi ni la nani, na kwa sekunde chache nilifikiria kunyamaza.

"Ni nyama gani hii?"

"Ni zabibu, afande."

"Zabibu gani inatoka damu?"

"Za Dodoma."

Hakuridhika. Alinikalisha kwenye kile kiti cha plastiki, akaagiza aje bwana mmoja wa kilimo aliyekuwa kwenye mazishi. Saa mbili na nusu nilitazama yale maji yakitanuka. Hawakuniruhusu kulifungua, ingawa niliomba, kisha nikabembeleza, kisha nikapandisha sauti, jambo ambalo halikusaidia. Bwana kilimo alipofika alichovya kidole, akanusa, akaonja. "Ni zabibu," akatangaza, "na ni tamu."

Tulifungua. Kibuyu kilikuwa kimepasuka kutoka shingoni mpaka karibu na kitako. Ngozi ilikuwa imelowa, imelegea kama chapati iliyosahauliwa kwenye chai. Nililiinua, na juisi ikamwagika kutoka tumboni mwake kupitia ule ufa. Sikulia, lakini ilibidi nimwombe askari aniachie dakika moja.

Walinipa fomu ya malalamiko. Penye sababu ya uharibifu niliandika: *Mzigo kugeuzwa na kukandamizwa na wapakiaji.* Hakuna neno la uongo katika sentensi ile, na ilikuwa ya uongo yote.

Bukoba

Neema alikuwa nje ananisubiri na mwavuli. Nilimwonyesha. Nikasema, "Ndege imevunja." Akashika mdomo. Wakwe walipopata habari walikasirika kwa niaba yangu, wakalisema shirika lile usiku kucha, wakanipa ndizi, samaki, na kila aina ya pole. Kila pole ilinikaa tumboni pamoja na ndizi. Zabibu chache zilizopona zilipitishwa kwenye sahani, na nikasifiwa.

Asubuhi ya Ijumaa shemeji mtarajiwa alinipeleka sokoni kwa fundi viatu mmoja, Respicius. Alikigeuza kibuyu, akapima ufa kwa kidole gumba, akasema hajawahi kushona tunda, lakini ameshashona kila kitu kingine. Alitoboa matundu madogo kwa sindano ya moto pande zote mbili, akapitisha uzi uliopakwa nta, akavuta taratibu mpaka midomo ya ufa ikakutana. Kisha akaziba kwa nta juu. Ilimchukua asubuhi nzima na hakutaka kusemeshwa.

"Kushona nimeshona," alisema akinirudishia. "Kukausha ngozi si kazi yangu. Na si kazi ya Bukoba."

Alisema kweli. Dodoma ungeliegemeza ukutani, ukanywa chai, ukalikuta limekauka. Pale nguo zilizofuliwa Jumatano zilikuwa bado zinalia kambani. Nilijaribu jiko la mkaa, ngozi ikaanza kutoa harufu ya mchuzi, nikaogopa. Saa nane mchana, sendofu ikiwa saa kumi na moja, ilikuwa bado laini. Nikaenda saluni alipokuwa Neema, kumwambia ajiandae kutoka bila zeze.

Nilimkuta chini ya draya, rola kichwani, wanawake wengine wanne wamepanga foleni kwenye benchi. Nilisimama mlangoni na zeze langu lililoshonwa. Neema aliniona, akatoa kichwa nje.

"Bado bichi?"

"Bado. Neema, sidhani..."

Hakuniacha nimalize. Alisimama, akavuta kiti chake mbele, akaniambia niliweke hapo alipokuwa amekaa. Mwenye saluni akapiga kelele: "Bibi harusi, nywele zako nusu! Ukitoka sasa zitakuwa pori!"

"Ziwe pori," alisema Neema. "Punguza moto kidogo, lisikauke kwa pupa."

Basi zeze la mjomba likakaa kwenye kiti cha saluni chini ya draya, na bibi harusi akasimama pembeni, maji yakimdondoka mabegani, akiligeuza kila baada ya muda. Wale wanawake wa kwenye benchi waliacha kulalamika. Mmoja akashika shingo ili lisianguke.

Joto lilipoingia kwenye kibuyu harufu ilitoka. Saluni nzima ikanuka zabibu. Neema alinusa, akanitazama.

"Kaka. Zeze lilifikaje ndani ya boksi?"

Nilimwambia. Nilimwambia mbele ya wanawake watano nisiowajua, kwa sababu kama ningesubiri tuwe peke yetu nisingesema. Alisikiliza huku mkono wake ukiwa bado kwenye kibuyu.

"Mimi ndiye niliyeziomba."

"Uliomba zabibu. Hukuniomba nichague."

Alifuta maji yaliyomshukia shingoni. Halafu akasema, "Baba utamwambia wewe. Mdomo kwa mdomo, usimpigie simu." Akaligeuza upande wa pili.

Saa kumi na moja na robo nilisimama kando ya mlango wa nyumba yake ya kupanga. Ngozi ilikuwa imekaza, ila si kama zamani. Sauti ilitoka nzito, yenye mikwaruzo, kama ya mtu mwenye mafua, na uzi wa pili haukushika kabisa, kila nikiukaza unalegea. Neema alitoka, nywele upande mmoja zimetulia na mwingine zimesimama. Alipita mbele yangu, akafika nusu ya njia ya kwenda kwenye gari, akasimama. Desturi inasema zeze halinyamazi mpaka gari liondoke. Wimbo ulikwisha, yeye hajasogea. Nikaurudia. Ukaisha tena, bado amesimama, mabega yanatikisika. Nikaurudia mara ya tatu. Ndipo akaingia kwenye gari.

Bukoba hadi Kibakwe

Kurudi sina mengi ya kusema. Nilisafiri na begi moja na zeze mapajani, na nilipoulizwa nina mzigo mwingine nilijibu sina kabla swali halijaisha. Wakwe walinipa senene, wale panzi wa kukaanga, nikawaweka mfukoni. Dodoma nililala kwangu, kesho yake nikapanda basi la Kibakwe.

Mjomba alikuwa kitandani pale pale. Tulisalimiana. Nikaliweka zeze mikononi mwake nikiwa bado nimesimama. Vidole vyake vilifika kwenye ule mshono mapema kuliko nilivyotarajia, vikaufuata polepole mpaka mwisho.

Nilimweleza yote: dada wa mlangoni, maneno aliyosema, nilichojibu. Sikuwataja wapakiaji.

"Uliambiwa uingie nalo," alisema.

"Ndiyo, mjomba."

"Ukasema zabibu."

"Nikasema zabibu."

"Wakwe wangekufa?"

"Wasingekufa."

Akageukia ukutani. Shangazi alileta ugali na mlenda, tukala yeye na mimi, mjomba hakugusa. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona tangu utotoni. Baada ya kula nikasema ningemtafutia kibuyu kingine, niwambe ngozi mpya, nikaze nyuzi, lirudi kama lilivyokuwa. Nikanyoosha mkono kulichukua.

"Usiliguse." Alikuwa amegeuka. "Hivi lilivyo, ndivyo alivyolisikia?"

"Ndivyo."

"Uzi huu wa pili ulikuwa hivi?"

"Ulikuwa umelegea zaidi. Umekaza njiani, kwa ukavu."

"Ulegeze."

Nikaulegeza. Akanitaka niendelee, mpaka nikamwambia hapo ndipo. Kisha akaomba tumwinue. Mimi na shangazi tulimkalisha ukingoni mwa kitanda, uso umeelekea mlangoni, maumivu yanamkunja. Akanipa zeze.

Nikapiga. Lilitoka na mafua yake yale yale, uzi wa pili unaburuza, na mjomba alitazama mlango uliokuwa wazi, hakuna mtu anayepita. Wimbo ulipokwisha nikaweka upinde chini.

"Aliondoka hapo?"

"Hapana, mjomba. Alisimama njiani. Nilirudia mpaka mara tatu."

"Sasa mbona umenyamaza?" aliniuliza. "Mtoto bado amesimama."